Yakani wa Vurra

Koboko, 12 Februari 1989

Kwa dada yangu Viktoria,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Hatujambo, ila goti langu bado linanisumbua, na nyumba nimeezeka upande mmoja tu. Nyasi zilikwisha, nguvu zikafuata. Mke wangu anasema tumerudi kutoka ukimbizini kuja kulala kama wakimbizi, na mimi simjibu kwa sababu ni kweli. Mihogo imeshika vizuri. Msalimie sana Mama. Mwambie shuka alilonipa bado ninalo.

Barua hii anakuletea Sulaimani, dereva wa lori la tumbaku. Ni mtu mwaminifu, ingawa anasema mno. Mpe majibu akipita tena.

Sasa jambo lenyewe. Binti yangu Rosa Kiden amepata mchumba. Ni fundi baiskeli hapa sokoni, kijana mpole, hanywi, na Rosa anampenda waziwazi mpaka mama yake anaona haya. Nilikuwa nimekwisha kufurahi. Kisha wakaja wajomba zake Rosa kuulizia ukoo wa kijana, na kijana akataja jina lake: Angelo Yakani, jina la baba yetu. Unamjua shemeji Yugu alivyo. Aliweka kikombe chini akasema, "Yakani na Yakani? Hapana. Hii iko damu moja. Mimi hapana kula ng'ombe ya mutu ya nyumba yetu." Akaondoka, na wenzake wakamfuata.

Kijana alirudi na malori ya wakimbizi kutoka Sudan mwaka wa 1987. Anasema baba yake amekufa, mama yake amebaki kule. Ukimuuliza ukoo anasema tu, "Ni Vurra." Vurra kubwa, kijiji gani? Anainama, anashika spana yake.

Wewe uko Ediofe, karibu na vitabu vya ubatizo. Nakuomba uangalie hao Yakani wa Vurra ni wangapi na ni watoto wa nani. Nataka karatasi ya kumwonyesha Yugu kwamba kijana huyu si wetu. Rosa asije akakosa mume kwa sababu ya jina la babu yake.

Mimi kaka yako,
Kasimiro


Ediofe, 3 Aprili 1989

Kwa kaka yangu Kasimiro,

Salamu nyingi kutoka kwa Mama na kwangu. Mama hajambo, anakula, anagombana na kuku wa jirani kila asubuhi, kwa hiyo ujue ni mzima. Ananicheka nikikuandikia kwa Kiswahili, lugha ya askari, lakini nifanyeje? Wewe ulikwenda kambi ya jeshi ungali mdogo, Kilugbara chako ni cha kusema tu. Wasichana ninaowafundisha kushona wameongezeka, cherehani ni zilezile mbovu. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya Kwaresima, halafu Sulaimani alipita nikiwa sokoni.

Padri ameniruhusu kuona vitabu, nami huingia baada ya misa ya asubuhi. Kaka, kazi uliyonipa ni ya kichaa. Kwetu kila mtoto huzaliwa na jina lake, mama yake humpa kwa mambo yaliyokuwa nyumbani siku hizo. Yakani ni jina la baba yetu peke yake. Kama si jeshi kukuandika wewe, na shule kutuandika sisi wadogo, nani angetuita Yakani? Humo vitabuni wamejaa. Yupo Yakani wa Logiri, kijiji chetu, ambaye si baba, Yakani wa mtoni, Yakani mlemavu, Yakani mwenye wake wengi kuliko sala zake. Hakuna hata mmoja aliye ndugu ya mwenzake. Vitabu vingine vimeliwa na mchwa, unafungua unakuta vumbi na nusu ya mtakatifu.

Angelo mwana wa Yakani sijamwona. Lakini niambie, kijana huyu alikuwa wapi huko Sudan? Kambi ipi? Ana miaka mingapi? Anafanana na nani? Unajua kwa nini nauliza. Ndugu yetu Marino naye alikimbilia upande huo, na hatujamsikia tena.

Mdogo wako,
Viktoria


Koboko, 20 Mei 1989

Kwa Viktoria,

Salamu. Mvua imenyesha, paa limevuja upande ule ule ulioezekwa. Mke wangu alikuwa na malaria, sasa amepona. Msalimie Mama.

Nilikuuliza kuhusu vitabu, umeniuliza sura ya kijana. Ana sura ya kijana. Ana miaka ishirini na kidogo. Alikuwa karibu na Lainya, kwenye makambi. Makambi yalikuwa mengi na watu walikuwa wengi, sisi sote tulikuwa huko au Zaire. Usianze kujenga nyumba kwa mate.

Tafuta mahali pengine kama vitabu vya padri havitoshi. Rosa hanisemeshi. Anaweka chakula mbele yangu kama anamwekea mgeni, kisha anakwenda kukaa jikoni.

Kasimiro


Ediofe, 14 Agosti 1989

Kwa kaka yangu Kasimiro,

Sisi wazima. Mama ameanguka kidogo penye mlango lakini hakuumia. Celestina, yule jirani yetu, amejifungua mtoto wa kike, tumecheza mpaka miguu imevimba. Umesikia bei ya sabuni? Basi tuyaache hayo.

Nimekwenda kwenye ofisi ya wilaya hapa Arua. Wanazo orodha za waliorudi, zimefungwa kwa kamba na kurundikwa chini ya meza. Karani mmoja, mwanamke anaitwa Drateru, alinionea huruma. Alisema, "Mama, wewe iko natafuta nani? Mutu ya kufa ama mutu ya maisha?" Nikamwambia sijui, na ndiyo shida yangu. Nimekwenda pale mpaka mlinzi akawa ananipa kiti.

Kaka, keti kwanza ndipo usome. Angelo wako yumo kwenye orodha ya Koboko. Imeandikwa hivi: Angelo Yakani, amerudi peke yake, mwana wa Marino Yakani wa Logiri, Vurra, baba hayupo. Kadi ya posho, ile ya chakula cha kambini, ni ya huyo Marino.

Logiri nzima haina Marino Yakani mwingine. Nimeangalia ubatizo, nimewauliza wazee, hakuna. Ni wetu.

Najua hesabu ya umri haikubali. Kijana huyu alizaliwa kabla hatujakimbia, hawezi kuwa damu ya Marino, tungemjua tangu utotoni. Lakini anaweza kuwa mtoto wa mwanamke aliyemwoa huko, akamlea, akampa jina. Yaani Marino alikuwa na nyumba! Pengine bado anayo. "Baba hayupo" si "baba amekufa", hata kama kijana husema amekufa. Nimemwambia Mama. Najua ungeniambia ninyamaze, ndiyo maana sikukuuliza. Amechukua ufagio akaenda kufagia chumba cha Marino. Tangu mwaka wa kukimbia hajaruhusu mtu alale humo wala matanga yafanywe, na wewe unalijua hilo ingawa hulisemi.

Muulize kijana. Muulize kwa upole.

Viktoria


Koboko, 9 Oktoba 1989

Kwa Viktoria,

Ungengoja kumwambia Mama.

Nilimwita kijana nyumbani. Nilimkalisha, nikamwambia nilichoandikiwa, nikamwuliza, "Huyu iko baba yako?" Alitetemeka. Mimi nimekaa jeshini, namjua mtu mwenye kuogopa na mtu mwenye kusema uongo, na huyu aliogopa. Akasema, "Mzee, hii maneno si yangu. Ngoja mama yangu." Nikasema mama yako yuko Sudan na barabara imefungwa kwa vita, nitangoja mpaka lini? Akarudia, "Ngoja mama." Kesho yake hakufungua kibanda chake. Amerudi baada ya wiki, amekonda.

Yugu amesikia, sijui kwa mdomo wa nani. Sulaimani nadhani. Sasa anasema hata kama si damu, mtoto aliyelelewa na ndugu yangu kwa jina la baba yangu ni ndugu yake Rosa, na ndoa hiyo ni mwiko. Na mimi siwezi kumbishia, kwa sababu anasema kweli.

Unaelewa uliponifikisha? Wewe unaomba kijana awe wa nyumba yetu. Mimi naomba asiwe. Mungu mmoja anatusikiliza sote wawili, sijui atafanya nini. Ukishinda wewe, Rosa wangu amekwisha. Nikishinda mimi, Mama anarudi kwenye ufagio wake. Nimechoka, dada yangu. Nimechoka na Yakani wote, walio hai na waliobaki huko.

Kasimiro


Ediofe, 21 Januari 1990

Kwa kaka yangu,

Heri ya mwaka mpya. Mama hajambo ila miguu inavimba. Padri anasali naye. Cherehani moja imepona.

Barua yako niliisoma nikaiweka. Nilikasirika mwezi mzima, kisha nikaona ulisema ukweli. Sijui niombe nini tena, kwa hiyo siku hizi namwombea Rosa asubuhi na Marino jioni, yatakayogongana wayapatanishe huko juu.

Ila nakuuliza, na safari hii unijibu. Tangu tumeanza kuandikiana juu ya jambo hili hujaandika jina lake hata mara moja. Unaandika "ndugu yangu", unaandika "huyu". Kwa nini?

Mama anauliza kama kijana anapenda simsim, kama Marino. Nimjibu nini?

Viktoria


Koboko, 2 Septemba 1990

Kwa dada yangu Viktoria,

Salamu kwa Mama na kwako. Nimenyamaza muda mrefu, unisamehe.

Vita vimefika Yei, na watu wanavuka mpaka kila siku, mji umejaa. Tunawaona wakipita na magodoro kichwani, na wale tuliowakuta kwao tulipokimbia sisi, sasa wanatuomba maji. Mke wangu ametoa upande wa nyumba ulioezekwa kwa mama mmoja na watoto wake, na sisi tumehamia chini ya upande mwingine. Simlaumu.

Mama yake Angelo amefika. Anaitwa Santina. Ni mwanamke mrefu, amechoka, miguu imepasuka. Alipomwona mwanawe pale sokoni alikaa chini kwenye vumbi kati ya baiskeli. Alipumzika, akala, halafu Angelo akamleta kwangu. Alifungua mdomo aanze, nikamzuia. Nilimwambia, "Mama, mimi nakuomba. Hii maneno, enda kusema mbele ya mama yetu kwanza."

Hutanielewa, utasema naogopa. Ni kweli naogopa. Lakini pia naona si haki mimi nijue kabla ya Mama, ambaye amengoja kuliko sisi sote. Sulaimani atamleta yeye na Angelo. Wapokee vizuri, hata kama wamebeba lolote. Rosa anakusalimu. Ameanza kunisemesha, ananiambia tu, "Baba, kula."

Kasimiro


Ediofe, 18 Septemba 1990

Kwa kaka yangu Kasimiro,

Salamu. Leo sina habari za kuku wala za sabuni.

Walifika Jumapili baada ya misa. Mama alikuwa amevaa nguo yake ya Pasaka. Alikuwa amekaanga simsim. Alimtazama Angelo usoni muda mrefu, akamshika mikono, akaitazama na mikono, kisha akamwachia. Nadhani alijua wakati ule ule. Alisema tu, "Kaeni."

Santina aliongea, naye Mama hajui Kiarabu chao, na yeye hajui Kilugbara, ikabidi waongee kwa Kiswahili cha njiani na mimi nisaidie panapokatika. Nakuandikia kama alivyosema.

Yeye na mume wake si wakimbizi. Ni watu wa Lainya, mashamba yao yalikuwa karibu na kambi. Mume wake, Modi, alikufa mapema. Mwaka ule mvua haikunyesha. Waganda walio kambini walikuwa na mahindi na mafuta ya posho, na shule, na dawa. Wenyeji waliowapokea hawakuwa na kitu, kwa sababu kadi ni ya mkimbizi. Santina alisema bila uchungu, "Nyinyi nalikuwa wageni, nalikula. Sisi iko kwetu, hapana kula."

Marino alitoka kambini kutafuta kazi ya kulima, akafika kwake, akalima siku chache. Akaugua tumbo. Santina akamlaza nyumbani kwake. Alipoona haponi, alitaka kumpeleka kwenye hospitali ya kambi, na Marino akakataa kubebwa. Akatoa kadi mfukoni akampa, akamwambia, "Nikikufa, hapana rudisha hii. Andika mutoto. Mukule." Wote kule walifanya hivyo, kaka, hata sisi Zaire tulifanya, unakumbuka. Mtu akifa, kadi haifi, nduguye anapanga foleni kwa jina lake. Ila hawa hawakuwa ndugu.

Basi akafa, na Angelo akaandikwa mwana wa Marino Yakani. Akala kwa jina hilo, akasoma kwa jina hilo, na Waganda waliporudishwa, mama yake akampandisha lori kwa jina hilo aepuke vita. Alipofika Koboko akamkuta Rosa, na baba yake Rosa ni Yakani wa Vurra. Kijana alijua tangu siku ya kwanza kwamba ametumia jina la mtu wa nyumba yetu. Angesema, angerudishwa vitani kama mtu asiye wa hapa, na kwako angeonekana mwizi wa marehemu. Ndiyo maana alitetemeka.

Nilipandwa na hasira, sitakuficha. Nilisimama. Nilimwambia Santina, "Miaka yote hii mama huyu anafagia chumba, kwa sababu ya maharage na mafuta! Hukuona mtu wa kumpa habari? Lori lolote? Padri yeyote?" Akasema, "Ningesema, kadi ingechukuliwa. Mutoto yangu nalikuwa na njaa." Ningefanya vilevile, na kwa kuwa ningefanya vilevile ndiyo nikazidi kukasirika. Nikatoka nje nikalia karibu na cherehani mbovu.

Niliporudi, Mama alikuwa hajasogea. Hakuuliza habari ya kadi. Hakuuliza habari ya jina. Aliuliza swali moja, na nilitafsiri nikidhani sitamaliza: "Nani alimfunika?"

Santina akasema, "Mimi. Na nguo yangu ya harusi. Nguo ingine nalikuwa hapana."

Mama akamvuta karibu, akamwekea simsim mkononi. Santina akala, na Mama akamtazama mpaka akamaliza.

Kisha Angelo akapiga magoti. Kadi ameitunza kwenye mfuko wa plastiki, imekunjika lakini jina linasomeka. Akaiweka kwenye mapaja ya Mama, akasema, "Mama, jina yako hii. Mimi narudisha. Mimi iko Angelo wa Modi." Mama akaishika, yeye ambaye hajui kusoma, akapitisha kidole juu ya maandishi, akaniuliza la Marino ni lipi. Nikamwonyesha. Akasema kwa Kilugbara, "Basi amefika."

Kwa hiyo kaka, wote wawili tumesikilizwa, na wote wawili tumelia. Kijana si wetu, si kwa damu wala kwa kulelewa, Marino hakuishi naye hata mwezi. Mwambie Yugu. Watu wa Modi wa Lainya wapo Koboko hapo hapo kati ya waliovuka, wanaweza kumwambia ukoo. Lakini Mama anasema harusi ingoje. Kwanza matanga ya Marino, Logiri, na kadi itazikwa kando ya kaburi la baba, kwa kuwa hatuna kingine. Anataka Santina akae pamoja na wanawake wa nyumba, si pamoja na wageni. Na Angelo achimbe.

Chumba nimeambiwa nilale mimi. Mgongo wangu utashukuru.

Dada yako,
Viktoria


Koboko, 30 Septemba 1990

Kwa dada yangu Viktoria,

Salamu kwa Mama, kwako, na kwa Santina kama bado yuko hapo. Goti ni lile lile. Paa halijaisha, Angelo amesema ataliezeka kabla ya mvua za mwisho, na safari hii sikumkatalia.

Yugu amewaona watu wa Lainya. Walikaa naye nusu siku wakitaja wazee wao mpaka akachoka yeye. Amesema, "Haya, hawa iko mutu mbali." Ng'ombe wa mahari atamla. Tutakuja Logiri sote, na yeye atakuja. Amesema mwenyewe kwamba ni lazima aje.

Uliniuliza kwa nini sikuandika jina lake. Sikutaka kukujibu. Nilijua nikiliandika ndiyo nitakuwa nimekubali, na Mama alikuwa hajakubali, nami sikutaka kumtangulia.

Marino. Ndugu yetu Marino amekufa.

Haya, nimeliandika. Rosa amepita hapa akaniona, akauliza, "Baba, iko nini?" Nikamwambia nalia harusi yake. Hakuniamini. Ameleta kiti, amekaa karibu yangu.

Kaka yako,
Kasimiro